Tunamuaga Senga, au Tunampokea?

Mheshimiwa Diwani, wakuu wa Shirika la Nyumba la Craigmuir, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi majirani mliokwisha kuvamia soseji kabla sijafungua mdomo: habari za mchana.

Mimi Effie Galbraith, mwenyekiti wa wapangaji, nimepewa kazi ya kumuaga Senga Mulgrew, na nimechanganyikiwa kweli kweli. Huyu anayeagwa anakwenda wapi? Anaacha filamu na harakati, anarudi jukwaani kuchekesha, kule kule alikotoka. Sasa nilie au nicheke?

Mnayakumbuka matanga ya Archie, aliyekohoa miaka yote kwa sababu ya kuvu ya ukutani kwake. Hapa Glasgow, matanga bila kichekesho ni kumvunjia marehemu heshima, kwa hiyo tukamsukuma Senga asimame. Akasema, "Archie aliwaita watu wa Shirika waje waone kuta. Wakamwambia afungue dirisha." Tukacheka. Akasema, "Sitanii, jamani!" Tukacheka mpaka wiski ikatutoka puani. Akashuka analia, nasi tukampigia makofi.

Kuanzia hapo akaliacha jukwaa, akashika kamera, akafunga mdomo. Nani alidhani Senga anaweza kufunga mdomo? Akapiga hodi mlango kwa mlango, akatuacha tuseme wenyewe. Filamu ilipoonyeshwa humu ukumbini, wakubwa walikaa wakisubiri mzaha ufike. Haukufika. Aliyefika ni Jessie, mjane wa Archie, akikwangua ukuta kwa kijiko cha chai. Mwezi huo huo Shirika likaleta mafundi; leo kuta zetu ni kavu, na mvua ni ile ile.

Jana Senga alinijia jikoni. "Effie, wakinicheka tena, nitajuaje kama wananisikia?" Akaniomba niwaulize nyinyi kama arudi jukwaani. Tumruhusu? Tumzuie? Na kwa nini mtu aliyetutendea haya yote aje kutuomba ruhusa sisi?

Nikamuuliza Jessie, yule pale mwenye kofia ya kijani. Akaniambia, "Tangu Archie afe, mtoto huyu hajanichekesha. Mwambie apande. Akisema hatanii, mimi nitanyamaza, na atakayecheka nitamtoa nje mwenyewe."

Basi Senga mwanangu, jukwaa hilo hapo. Mheshimiwa Diwani, ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni yeye.