Mizunguko Minne ya Haji Embarek

Tarehe 30 Juni, Haji Embarek Bakadi atakabidhi ufunguo wa basi la Tamanrasset hadi In Salah, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mimi kondakta wake nimepanda na madereva wote wa jangwa hili, wazima na vichaa, na nasema hakuna wa kumfikia.

Alianza kwa kuosha magari karakana. Alipopewa usukani, basi lilizama mchangani safari ya kwanza, akalitoa kwa kutandika mazulia ya harusi chini ya matairi, bibi harusi akiwa ndani anapiga vigelegele. Joto la siku hiyo nililipima mwenyewe: nilikaanga mayai kwenye boneti, nikala.

Barabara yetu haina mtandao kuanzia mji hadi mji. Ndiyo maana madereva wakikutana hurushiana vitu simu kwa simu, kwa bluetooth: nyimbo, mawaidha, habari za mchanga uliohama. Simu ya Haji ilikuwa na nyimbo nyingi kuliko redio ya taifa.

Sasa siku ya nge. Tulisimama karibu na kaburi la walii, lile ambalo kila gari hulizunguka mara tatu. Raisha, binti mdogo wa Bi Fadimata, akainua jiwe, nge akamuuma mkononi. Dawa iko In Salah. Na hapo hapo akatokea dereva wa lori la maji, amegeuzia njiani, akatuambia mafuriko yamekata lami korongoni, mbele yetu.

Ipo njia ya zamani ya kulikwepa korongo. Aliijua marehemu Uksem, mwongoza misafara, na kabla ya kufa aliieleza kwa sauti, ikarekodiwa, ikazunguka simu za madereva. Haji alikuwa nayo. Wiki iliyotangulia aliifuta ili apate nafasi ya nyimbo za harusi ya mpwawe.

Tukaomba kila abiria atafute. Simu zote zilikuwa na nyimbo tu, tena nyingine alizirusha Haji mwenyewe. Mtoto akaanza kutoa povu.

"Haji, mwanangu anakufa," Bi Fadimata akasema. "Hizo nyimbo ataimbiwa nani?"

 Haji alikuwa analitazama lori la ngamia la Ghali, dereva mwenzetu, lililokuwa limeanza kulizunguka kaburi. Ghali ndiye aliyemrushia sauti ile.

Ghali asingeweza kusimama: mchanga pale ni laini, lori lenye ngamia lingezama. Na kutoka kabla ya mzunguko wa tatu, hilo dereva wa kwetu hafanyi. Haji akaliingiza basi ubavuni mwa lori, tairi kwa tairi. Nikatoa mkono wangu dirishani na simu ya Haji. Ngamia mmoja akaulamba.

"Rusha ya Uksem!" nikapiga kelele.

"Wewe mjomba, mbona umekuja kunikwangua rangi?"

"Rusha, kuna mtoto kaumwa na nge!"

Akarusha. Mzunguko wa pili, lori likatuacha kidogo, sauti ikakatika, ikabidi ianze upya. Wa tatu ukaisha ikiwa nusu.  Ghali akatazama barabara, akamtazama Haji, akakata kona tena. Mzunguko wa nne. Sijawahi kuuona kabla wala baada. Ulipofika kati, simu ikalia: sauti imeingia yote.

Tukaiacha lami tukimfuata marehemu. "Mawe meusi, yaache kulia," Uksem alisema, akakohoa, na Haji akasubiri kikohozi kiishe kama vile mzee kaketi pembeni yake. Raisha alidungwa sindano In Salah akiwa bado anapumua. Mwaka huu ameingia sekondari, na mdomo wake ni wa mama yake.

Tangu siku ile simu ya Haji haina wimbo hata mmoja. Siku ya sherehe ya kumuaga yeye atakaa mlangoni, simu mkononi, na hakuna dereva atakayepita kwenye nyama kabla hajarushiwa sauti ya Uksem. Ambao simu zao zimejaa, wafute nyimbo nyumbani.

Haji wetu, asante kwa kutufikisha. Mungu akupe umri mrefu, chai nzito na mapumziko yasiyo na korongo.