Mzee Thadeus na Ubao Uliong'aa Kupita Kiasi

Bwana Thadeus Maghanga anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia maabara ya Shule ya Upili ya Kilima Mawe, hapa Voi, kwa miaka thelathini na minne na miezi minne. Kamati ya maandalizi iliniomba mimi, Mwalimu Wamalwa wa fizikia, niandike wasifu wake. Nilikubali haraka, nikajuta jioni hiyo hiyo. Kumsifu Mzee Thadeus ni kazi ambayo kila mtu shuleni anaifanya bila kuombwa, na mimi nimechoka kusikiliza sifa zake tangu nilipofika hapa mwaka wa 2009.

Alitoka kwao Mbololo Februari 1991, akaajiriwa kuosha chupa za maabara. Chupa tu, basi. Wengine wakiosha chupa huiinua dirishani waone kama inang'aa. Yeye huijaza maji, huyamwaga, kisha hutazama yaliyobaki. Maji yakisimama matone matone kwenye kioo, chupa bado ni chafu. Yakitandaa kama shuka moja, imetakata. Mimi nina shahada, na jambo hilo nililisoma chuoni kwa jina refu na mtihani juu yake. Yeye alilipata kwenye sinki. Sikuwahi kumsamehe kwa hilo.

Kila mtu ana gonjwa lake. La Mzee Thadeus ni nyuso za vitu, yaani pale kitu kinapoishia na kingine kinapoanzia. Huamini kwamba mambo mengi ya dunia hutokea hapo. Gogo huchelewa kushika moto, lakini ukilipasua vijiti linawaka mara moja, kwa kuwa moto umepata pa kushika. Kiatu kilicholika soli humwangusha mwenyewe kwenye sakafu iliyopigwa nta. Mpishi wetu, Bi. Mable, alishauriwa akate viazi vidogo zaidi ili viive mapema, na tangu siku hiyo chakula cha mchana hakijachelewa. Hata vumbi jekundu la hapa kwetu amelifanyia utafiti. Kila Ijumaa alipanda kwa ngazi juu ya bweni na ndoo ya maji ya mvua kuosha paneli za sola, akikataa katakata maji ya kisima, maana yakikauka huacha chumvi nyeupe na wanafunzi hukosa mwanga wa kusomea. Alipanda kwa ngazi hiyo hiyo mpaka mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini kasoro siku chache. Mimi nina arubaini na nane na magoti yananiuma.

Kidato cha kwanza humfahamu kwa sindano. Hujaza maji kwenye sufuria, hulaza sindano ya kushonea juu ya kipande cha karatasi nyembamba, karatasi ikalowa na kuzama, sindano ikabaki inaelea. Watoto hunyamaza kama wako kanisani. Halafu hutia tone moja la sabuni pembeni, sindano ikazama, na darasa zima hupiga kelele mpaka walimu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Kesho yake naingia mimi na hesabu za somo lile lile. Mwaka jana msichana mmoja, Shanice, aliinua mkono kwa heshima zote, nikafurahi kwamba nimepata swali. Alitaka kujua Mzee Thadeus atarudi lini.

Nasema wazi, maana nikificha wote mtajua: nilimwonea kijicho. Nilihesabu wanafunzi waliomsalimu kabla yangu. Nilikasirika alipopewa kikombe cha kwanza cha chai ya saa nne. Na kijicho hicho ndicho kilichotufikisha kwenye ubao.

Kila likizo Mzee Thadeus huupaka ubao wa maabara rangi nyeusi isiyong'aa, aliyoichanganya na unga laini wa mkaa. Rangi ikikauka huupitishia msasa. Kisha huchukua chaki, huilaza ubavu, huusugua ubao wote mpaka uwe mweupe, na kuufuta. Hapo ndipo huruhusu mtu kuandika. Mimi niliona ni ushirikina wa mzee. Mwaka 2014 tuliambiwa wageni wa elimu watakuja Jumatatu kutazama somo langu, na cheo cha mkuu wa idara ya sayansi kilikuwa wazi. Nilitaka maabara ipendeze kwa mkono wangu, si wake. Nikaenda hadi Mwatate, nisije nikaonekana hapa Voi, nikanunua rangi ya mafuta inayong'aa. Jumamosi niliupaka ubao peke yangu. Uling'aa hata ungeweza kunyoa ndevu mbele yake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jumatatu wageni waliketi. Nikashika chaki, nikaandika, na chaki ikateleza bila kuacha alama. Nikakandamiza, ikavunjika. Mwanga wa madirisha ulimulika ubaoni na wanafunzi wa nyuma wakaanza kufinya macho. Nilitokwa na jasho mpaka kwenye soksi. Mzee Thadeus, aliyekuwa kwenye stoo ya maabara, akatoka na msasa wake, akawaomba wageni radhi, akawaita wanafunzi watatu waupapase ubao. Akaukwaruza nusu, akawaambia wapapase tena, wamweleze chaki itapenda upande gani na kwa nini. Wakaeleza. Akamaliza nusu ya pili, akausugua kwa chaki, akaufuta, akanipa nafasi yangu. Wageni walisema hawajaona somo zuri kama lile katika kaunti nzima. Sifa hizo waliziandika kwa jina langu.

Baadaye mwalimu mkuu wa wakati huo alikuja na hasira kuuliza ni nani aliyeharibu ubao. Nilikuwa nimesimama pale, na rangi nyeusi ilikuwa bado kwenye kucha zangu. Mzee Thadeus aliitazama mikono yangu, akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Ni mimi, mwalimu. Nilikosea rangi."

Alipewa barua ya onyo. Cheo cha msimamizi wa maabara, alichokuwa akikingojea, kikaahirishwa kwa miaka mitano. Mimi nikawa mkuu wa idara. Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi nimeandika kwenye ubao ule ule. Badala ya kumshukuru nilizidi kumwonea wivu, kwa sababu sasa alikuwa amenishinda hata pale ambapo hakuna aliyejua tunashindana.

Wiki iliyopita nilimfuata stoo akifunga vitu vyake, nikamuuliza kwa nini alifanya vile. Aliendelea kukunja gazeti juu ya chupa.

"Mwalimu, wewe ulikuwa unapimwa kwa cheo kile, na mama watoto alikuwa amejifungua juzi tu. Wangekufukuza. Mimi wangenipa karatasi."

Kisha akaniomba nimshikie kamba.

Siku iliyofuata nilimweleza mwalimu mkuu wetu, Bi. Immaculate, kila kitu. Alilifungua kabati, akaitoa barua ile ya onyo kwenye faili, akanikabidhi. Akaniambia wasifu utachapishwa kama nilivyouandika, bila kupunguzwa neno, na yatakayonifika baada ya hapo tutayazungumza Jumanne.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa Kilima Mawe, asante sana, Mzee Thadeus. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwa mahindi yako ya Mbololo, na miaka mingi ya kukaa na wajukuu. Wivu wangu bado upo. Hata katika sherehe hii najua utashangiliwa kuliko nitakavyowahi kushangiliwa mimi, na unastahili.

Enyi mnaosoma, mkiinua macho kutoka kwenye karatasi hii mtamwona ameketi safu ya mbele, kwa koti lake la kijivu. Mimi nimesimama nyuma ya kiti chake. Barua ya onyo ninayo mkononi, jina lake limekatwa na langu limeandikwa juu yake, na sasa naenda kumwonyesha.