Deus Mlowe, Aliyetoa Gundi Katika Maganda

Baba Padri, ndugu na marafiki mliofika hapa kanisani Oud Metha, Dubai, mimi ni Doris, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu kabla hajasafirishwa nyumbani.

Deus alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 Uwemba, Njombe, mtoto wa tatu wa Mzee Linus Mlowe, mkulima wa miti ya miwati, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi 1993, na kila likizo alibandua maganda ya miti hiyo pamoja na baba, yakapelekwa kiwandani kutolewa dawa ya kutengenezea ngozi. Alijifunza useremala, akafunga ndoa na Redempta tarehe 6 Julai 2002, wakajaliwa watoto wawili, Fortunate na Isaiah.

Tarehe 3 Septemba 2013 aliajiriwa katika karakana ya mbao, Dubai Investments Park, iliyopasua miti ya mivinje, ikalipia lori kutupa maganda, huku ikiagiza gundi ng'ambo kwa bei ya kuumiza, hadi Mei 2019 arbab Luay, yaani bosi mwenye karakana, alipotangaza kuifunga na watu kumi na wanane warudi makwao. Kaka alimwambia gundi anayoiagiza mbali imo kwenye taka zake, kwani ganda la mvinje lina dawa ileile ya maganda ya kwetu, nayo ikikolea hunata, akapewa wiki mbili za kujaribu.

Niseme ukweli, alianza kwa kuharibu, maana alichemshia maganda kwenye pipa la chuma, jambo ambalo kila mtoto wa Uwemba amekatazwa, maji yakawa meusi kama wino, mbao zikajaa madoa, na arbab akasema khalas, basi imekwisha. Kaka akamjibu, "Arbab, kosa ni la pipa, si la ganda," akaazima masufuria ya alumini ya pilau ya jumuiya yetu, ambayo hadi leo hayajarudi, mtusamehe, na safari hii maji yakatoka mekundu, yakakolea, na mbao zikashikana hata zilipolowekwa. Alizoea kusema ganda likiuzwa kama kuni linalipa nauli tu, likitoa gundi linalipa mishahara, na kweli hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao.

Tarehe 20 Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa kwa uvumilivu, akafariki tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa International City, arbab Luay, na wale wenzake kumi na saba wa karakana waliotengeneza msalaba huu kwa gundi yake, utakaosimama Uwemba, kwenye mvua zetu zisizokatika, wala hautaachia.

Kaka, kazi yako imeshika, pumzika kwa amani.