Jua la Lusungu

Anayebisha abishe: Lusungu ametengeneza jua. Si taa, jua lenyewe, la saa nne asubuhi, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hivyo ndivyo alivyowatangazia wenzake kijiweni, pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia, huku simu yake ikipita mkono kwa mkono. Kwenye kioo kuna picha aliyoipiga: bibi harusi anacheka, mgongo ukutani, shavu moja la dhahabu, kivuli kimekatwa kama kwa wembe. Shule alimwachia mwalimu, alisema, na mwalimu mpaka leo hajatengeneza hata mbalamwezi.

Mbonile, muuza spea anayeitwa Injinia, akadai siri ni softiboksi, lile sanduku la kitambaa cheupe linalolainisha taa.

— Hilo linaleta mawingu, Injinia. Mteja anatoka kama yuko Ibaba, kule milimani kwenye ukungu. Jua ni taa kavu, bila kitambaa. Unaivalisha sahani ya bati, unaisogeza mbali, unaipachika karatasi ya rangi ya chungwa. Basi.

Tumpale, mwenye birika la kahawa, akaona karatasi ni anasa: taa ya lori ipitishwe kwenye chujio lake kuukuu, rangi itakuja yenyewe. Injinia hakukubali kushindwa na chujio. Akasema aitwe fundi wa kuchomelea vyuma arushe cheche, bibi harusi afumbe macho tu.

Dada mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa pembeni akaomba simu. Akaitazama picha mpaka kahawa ikapoa. Akasema anaitwa Marita, ametelemka kutoka Ibaba kumtafuta huyuhuyu Lusungu. Anaolewa Jumamosi, na kule ukungu umekaa wiki nzima. Shangazi zake wameshamwita mpiga picha wa Mbeya.

— Huyo asipande tena, nampigia shangazi sasa hivi, akasema, simu yake tayari sikioni. Ila kaka, taa yako inakaa upande gani, ili ukumbini wakuachie nafasi?

Lusungu akamtazama Injinia. Injinia akatazama malori. Tumpale akakuta birika linahitaji kufutwa.

— Kata simu kwanza, dada.

— Kwa nini?

— Kuna kipande nilikiruka. Siku ile umeme ulikatika, nikamtoa bibi harusi nje, uani, jua likampiga hivyohivyo. Mwache wa Mbeya apande. Mimi hiyo taa hata kuinunua bado.