Funguo Thelathini na Nane

Mchungaji, wafiwa wenzangu, na ninyi nyote mliojaa humu hadi kule mlangoni, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome bila kuongeza neno, nitajitahidi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya sita wa mama mkunga na baba karani wa posta, akasoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, kisha akaingia karakana ya seremala, ambako aliona milango inatengenezwa na wengi lakini vitasa vinawashinda, basi akajifunza vitasa. Mwaka 1993 alifungua kibanda chake cha kuchonga funguo mkabala na kanisa hili, nasi tukamwita Fundi Funguo hata jina la ubatizo tukalisahau.

Tarehe 6 Septemba 1997 alifunga ndoa humu humu, na ibada ilichelewa dakika arobaini kwa sababu pete zilikuwa kabatini na mzee wa kanisa amepoteza ufunguo, bwana harusi akavua koti, akapiga magoti, akalifungua mwenyewe, mama mkwe akasema sasa ameamini binti yake hatalala nje. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, wawili bado wako masomoni.

Kwenye sehemu ya ugonjwa sina cha kusoma, kaka hakuwa akiumwa.

Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tisa alasiri, mwalimu mstaafu wa mtaa wa nyuma alijifungia nje huku sufuria ikiwa motoni, akamwita kaka, na wakati kaka ameinama kwenye kitasa yule mama mwalimu alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba kuchungulia moshi dirishani, mtu akapiga kelele za mwizi, watu wakaja mbio wakampiga, waliokuwa nyuma hawakuuliza, waliokuwa mbele hawakumtazama usoni, na sauti ya yule mama haikufika popote. Kaka alifariki hospitalini kesho yake saa tano asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Polisi wana kazi yao, hatuwaingilii. Karatasi inasema niwashukuru madaktari, nawashukuru, na mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili, nawashukuru sana, kisha inasema majirani, na hapo naiacha karatasi kidogo, maana baadhi yenu mlikuwepo siku ile, nanyi mnajijua.

Kibandani tulikuta funguo thelathini na nane za nyumba zenu, mlizomwachia azichonge, kila mmoja una kikaratasi chenye jina la mwenyewe kwa mwandiko wa kaka. Nakiri mbele za Mungu kwamba ni mimi niliyesema tuzichukue tuwavamie nyumba kwa nyumba. Mjane, shemeji yangu, alipiga magoti pale pale, akaanza Baba Yetu, akafika penye kusamehe akakwama, akaanza upya, akakwama tena, mara ya tatu akapita kwa shida, akainuka, akaniambia, "Shemeji, kila mtu apewe wake. Mume wangu hakuwahi kubaki na ufunguo wa mtu."

Kwa hiyo, majirani, asanteni kwa kuja. Funguo zenu ziko kwenye meza ile, upande wa kichwa cha jeneza, na jeneza liko wazi, kila anayekuja kuaga achukue wake, na safari hii amtazame usoni.

Kaka, hatujabaki na cha mtu, pumzika kwa amani mikononi mwa Bwana.