Casque Laini ya Mama Adelaïde

Ndani ya jeep ya kwenda Kashebere, nilikaa nyuma ya Katembo, muuzaji wa Butembo. Alikuwa akimwonyesha abiria wa kando yake, Mama Adelaïde, casque mbili za game, vile vifaa vya kusikilizia vinavyovaliwa masikioni, zisizo na waya, zilizotengenezwa upya. "Hii ngumu inabana masikio, lakini unasikia inje. Hii laini inafunga sauti yote."

"Leta laini. Masasi ya bunduki inanikatazaka kulala."

"Na siku ya kukimbia, utasikia namna gani?"

"Majirani watanigongea mulango."

"Mama, majirani hawagongake. Wanakimbia."

Muuzaji gani hugombana na biashara yake? Adelaïde akaivaa ile laini, akafumba macho.

Risasi zikalia kilimani. Dereva akafunga breki, sote tukarukia shamba la maharage. Nyuma yetu, garini, nikamsikia Adelaïde peke yake, casque bado masikioni: "Papa, nakamata hii, ni bei gani?"