Heshima na Ile Filamu ya Harusi

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Nawasalimu wote wa hapa Sweden, mlioko Vällingby, Fisksätra, Vårby gård, na wewe uliye ndani ya treni ukijifanya huelewi Kiswahili. Mimi ni Brigitha. Jioni hii tunamkumbuka Heshima. Heshima, dereva wa basi. Heshima, mtafsiri wa filamu. Amefariki, na atazikwa Ijumaa hii.

Nisizunguke. Wiki nzima nimepigiwa simu na watu wasiotaka kipindi hiki kiende hewani. "Dada Brigitha, si ndiye yule wa filamu chafu? Muache apite kimyakimya." Kwaya imesema haiji makaburini. Wazee wa kanisa wameshauri mazishi yawe ya familia tu. Sasa familia yake hapa ni nani? Ni dada yake Pélagie, ambaye wengi mnamwita Mama Christelle, na huyo Christelle mwenyewe, binti yake. Basi. Watu wawili kando ya kaburi, kwa mtu aliyetuchekesha miaka yote hiyo. Nimekasirika, wasikilizaji wapendwa, na sauti yangu haifichi.

Heshima alizaliwa Uvira, mashariki ya Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Utotoni mwake kulikuwa na kibanda cha video, cha mabati, chenye jenereta iliyokohoa kuliko ilivyofanya kazi. Filamu zilikuwa za Kichina na za Kihindi. Hakuna aliyejua lugha hizo. Kwa hiyo palikuwa na mtu wa kusimama kando ya televisheni na kipaza sauti, anatafsiri, anaongeza chumvi, anawapa wabaya majina ya utani. Heshima alimsikiliza mtu huyo mpaka akaishika kazi yenyewe. Hivyo ndivyo alivyoanza. Kwa kusikiliza.

Vita vilipofika mtaani kwao alikuwa kijana, na Pélagie alikuwa msichana. Walikimbia wakavuka mpaka, wakakaa kambini, kisha wakaletwa Sweden. Pélagie alimwita kaka yake "Yaya Heshima," kama kwao wamwitavyo ndugu mkubwa. Mimi Mtanzania nilimtania Heshima kwamba kwetu yaya ni mlezi wa watoto. Akanijibu, "Basi ni sawa, Dada, huyu nimemlea."

Wengi wenu mnamjua kwa zile Jumamosi za alasiri. Ukumbi wa mtaa wa Vårby gård, viti vya plastiki, pazia jeupe ukutani, na Heshima kando yake na kipaza sauti. Shujaa akipigwa risasi tano na bado anakimbia, Heshima anasema, "Huyu anajua akienda hospitali atakaa foleni, bora akimbie." Mbaya mwenye miwani nyeusi alimwita Baba Mwenye Nyumba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wakongo, Warundi, Wakenya, sisi wa Dar, wote tulimwelewa.

Jambo moja tu lilikuwa likiwashangaza watu. Kanisani Heshima hakuimba. Mtu mwenye sauti ile! Kwaya ikisimama, ukumbi mzima ukisimama, yeye midomo ameifunga. Watu wakasema ana maringo. Shikeni hapo.

Sasa tuje kwenye filamu. Kule kazini Heshima alikuwa na rafiki Mserbia, dereva mwenzake, anaitwa Miodrag, mkazi wa Fisksätra. Waliongea Kiswidi chao cha wageni, kila mmoja akimsahihisha mwenzake vibaya. Miodrag ndiye aliyempa filamu ile. Wasikilizaji wapendwa, huenda hamjui kwamba Serbia kuna watengeneza filamu ambao, baada ya vita vya kwao, walianza kutengeneza filamu za kutisha na kuchukiza kupita kiasi. Kuna nchi zimezipiga marufuku baadhi yake. Kuna wanaosema ni uchafu mtupu. Kuna wanaosema ni kilio.

Ya Heshima ilikuwa hivi. Kijijini kuna harusi. Wanajeshi wanaingia. Bwana harusi anafungwa kwenye kiti. Bendi inaamriwa iendelee kupiga muziki. Na anachofanyiwa bibi harusi, kamera haigeuki. Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Kamera haigeuki.

Na hapa ndipo kosa letu lilipotokea, kosa la kwetu kabisa. Heshima aliandika kwenye kundi la simu: "Jumamosi tunatazama filamu ya harusi, kutoka Serbia. Watoto wabaki nyumbani." Sasa wewe ukisoma "filamu ya harusi," unafikiri nini? Unafikiri kuna mtoto wa mtu ameolewa huko na video imefika. "Watoto wabaki nyumbani"? Si ndivyo kadi zote za harusi zinavyosema? Watu wakaja wamevaa vitenge vya sherehe. Mama mmoja akaleta sambusa sinia zima. Wengine walinong'onezana wakiulizana ni binti wa nani aliyepata Mserbia.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha. Heshima alimpa shangazi wa bibi harusi jina la Mama Kamati, watu wakavunjika mbavu. Kisha wanajeshi wakaingia, na Heshima akanyamaza. Watu waliendelea kucheka. Ndiyo, walicheka, kwa mazoea, wakingoja mzaha unaokuja. Mtu akapaza sauti, "Heshima, lete maneno!"

Heshima akaleta kipaza sauti mdomoni. Akasema neno moja. "Wanambaka."

Akarudia. "Wanambaka. Na bendi inapiga."

Viti vikaanguka. Watu wakatoka wakisukumana, wengine wakilia, wengine wakimtukana. Sambusa zikabaki kwenye sinia. Ndani ya ukumbi alibaki mtu mmoja tu, Pélagie, amekaa na kitenge chake cha harusi, macho kwenye pazia.

Baada ya siku ile Heshima hakupewa tena ufunguo wa ukumbi. Kanisani alipokaa, benchi lilibaki na nafasi pande zote mbili. Yeye hakujitetea. Moyo wake ulisimama asubuhi moja nyumbani akiwa anavaa viatu kwenda kazini, kabla hajaeleza lolote.

Nilienda kwa Mchungaji Baudouin wa kanisa la Heshima, kwa sababu si haki kumsema mtu bila kumsikia. Si mtu mbaya. Alinikaribisha vizuri, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Dada Brigitha, batu yetu balikimbia yale mambo. Walifika hapa wamechoka. Kwa nini mutu wetu awarudishe kule, tena kwa kuwadanganya na harusi?" Hata sasa naona ana hoja. Mtu anapaswa kujua anachokwenda kutazama.

Nilienda na kwa Miodrag. Alikuwa amelia, macho mekundu. Akaniambia, "Kwetu wakubwa walisema hakuna kilichotokea. Basi mtengeneza filamu akasema, haya, kaeni, mtazame kisichotokea." Nikamuuliza kama ni lazima kutazama vile, bila kamera kugeuka. Akajibu, "Mimi mwenyewe sikuimaliza. Heshima aliimaliza."

Nikaomba na mimi niitazame, palepale kwake. Niliitazama nimesimama, karibu na mlango wa jiko, ili niwe na pa kukimbilia. Niwaambie ninavyoona. Zipo filamu za aina hii zinazouza maumivu ya watu kama mtu anavyouza nyama, na sitazitetea. Hata hii, kuna mahali nilihisi mtengenezaji anafurahia kututisha, na mengine angeyaacha tungeelewa tu. Lakini ile bendi, wasikilizaji wapendwa. Yule mpiga kodiani anayefumba macho na bado anapiga. Huyo sijamtoa kichwani.

Kisha nikaenda kwa Pélagie. Alinipa chai, tukakaa. Nikawasha kinasa sauti kwa ruhusa yake. Msikilizeni, kwa maneno yake mwenyewe.

"Brigitha, kwetu batu banasema 'balimuharibu.' Miye nilisikiaka hivyo miaka yote. Kuharibu. Kitu chenye kuharibika si banatupaka? Basi miye nilijiona ni kitu cha kutupa.

"Siku ile balituingilia kwa nyumba. Baba hakukuwa. Yaya Heshima alikuwa pale. Bakamwambia, wewe, imba. Imba kwa nguvu, majirani basikie kama ni furaha iko hapa. Bunduki kwa kichwa. Akaimba wimbo wa kanisa. Aliimba mpaka balimaliza. Tangu siku ile, kuimba, hapana. Na miye na ye hatukuongeaka ile mambo hata siku moja. Tulikuwa tunapika, tunakula, tunachekaka. Ile, hapana.

"Batu banasema ule filamu ni ya shetani. Labda. Lakini siku ile, kwa mikro, mbele ya batu bote, Yaya alisema ile neno. Hakusema balimuharibu. Alisema wanambaka. Bo balikasirika. Miye nilipumua. Nikajua anaongea na miye."

Nikamuuliza, baada ya watu kuondoka ilikuwaje? Akasema:

"Alizima mashine. Akakuja akakaa kando yangu. Akaniambia, 'Pélagie, pole.' Brigitha, hapa batu baliniambiaka pole ya safari. Pole ya baridi. Pole ya kazi. Pole ya ile, hakuna hata mumoja. Mutu moja tu aliniambia, na njo ye tunazika Ijumaa."

Hapo Christelle, aliyekuwa akitusikiliza mlangoni, akamwambia mama yake kwa Kiswidi kwamba watu wote watasikia, afikirie kwanza. Pélagie akamjibu kwa Kiswahili, "Basikie."

Ndiyo maana mmesikia, wasikilizaji wapendwa. Sikukata neno.

Sitawaambia mkaitazame filamu ile. Kama huiwezi, usiitazame, na asikuite mtu mwoga. Na kama ulitoka ukumbini siku ile ukilia kwa sababu yako mwenyewe, hakuna anayekudai maelezo. Ninachowaomba mtafakari ni hiki. Pembeni yetu kanisani, sokoni, kwenye basi, wamekaa watu ambao tumeamua tusijue walichofanyiwa, kwa sababu neno lenyewe linatuchafua midomo. Tunawaita walioharibika. Halafu tunamkasirikia aliyelitaja tendo kwa jina lake. Je, kilichotuchukiza ni filamu, au ni kule kuambiwa?

Heshima atazikwa Ijumaa saa tano asubuhi, makaburi ya Skogskyrkogården. Nimeuliza familia, na familia imesema njooni. Kwaya ije, na isipokuja, tuje sisi tusio na sauti. Mimi nitakuwepo.

Kwa niaba ya redio hii, natoa pole kwa familia. Christelle, pole kwa kumpoteza mjomba. Miodrag, pole kwa kumpoteza rafiki. Mama Christelle, pole kwa msiba wa Yaya Heshima.

Na Mama Christelle, pole kwa kubakwa.